Karatasi ya Mzee Kibwana

Wiki iliyopita niliingia kwenye chumba cha kufulia cha jengo ninaloishi sasa, huku Spånga, Stockholm, nikakuta aliyenitangulia ameacha kabati la kukaushia nguo likiwa bado la moto. Nilipofungua mlango wake, harufu ya pamba yenye joto na sabuni ya unga ikanijia usoni, nikabaki nimesimama na kapu langu mkononi. Ninyi mliokulia kwenye maghorofa ya Bredäng kama mimi mnaijua harufu hiyo. Mimi hunirudishia bibi yangu, na karatasi moja ya jeshi, na kosa nililolifanya nikiwa na miaka tisa.

Bibi Tabitha, mama yake baba, alikuja kututembelea mara moja tu katika maisha yake. Alifika kutoka Lushoto baridi ikiwa inakaribia kwisha, akakaa miezi mitatu iliyoruhusiwa na viza. Alikuja na makoti mawili ya kuazima, kilo mbili za maharage ambazo hadi leo sijui zilipitaje uwanja wa ndege, na kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Ndani ya kitabu, katikati ya nyimbo za Pasaka, mlikuwa na karatasi iliyokunjwa na kufungwa kwenye nailoni.

Wakati huo Kiswahili nilikielewa chote lakini sikukizungumza. Mama akiniuliza kama nimekula, ninamjibu kwa Kiswidi, naye amezoea. Bibi hakukubali. Siku ya kwanza nilipomjibu kwa Kiswidi alinitazama kwa upole, akamwambia baba, "Mtoto huyu anaumwa koo?" Tangu siku hiyo nikaanza kukivuta Kiswahili kutoka kilikokuwa kimejificha, neno moja moja, na yeye akaanza kuniita mke mwenzangu.

Karatasi ile ilikuwa ukurasa mmoja uliobaki wa kijitabu cha askari. Mwenyewe alikuwa Mzee Kibwana, baba yake Bibi, aliyekuwa askari wa jeshi la Wajerumani ujanani mwake, kabla Waingereza hawajaichukua nchi. Kurasa nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kijijini hakuna aliyeweza kusoma mwandiko ule. Zamani sana, mwalimu mmoja wa kanisa aliyejua Kijerumani cha kuombea maji aliutazama ukurasa, akagonga neno la mwisho kwa kidole, akasema, "Hapa wameandika alitoroka." Mzee Kibwana mwenyewe alikuwa ameshafariki, hakuna wa kubisha. Neno likabaki. Bibi alipoolewa likamfuata hadi ukweni. Siku akigombana na mawifi zake, jina lake lilikuwa binti mtoro.

Sasa ukoo ulikuwa unajengea makaburi. Mdogo wake Bibi, Babu Elia, alikuwa ameshaagiza jiwe, na fundi alitaka maneno ya kuchonga. Wazee wakagawanyika. Wengine walitaka jiwe liseme askari, wengine wakasema haiandikwi askari juu ya mtu aliyekimbia jeshi. Bibi akawaambia wasubiri, yeye anakwenda Ulaya, kwa watu wenye maandishi hayo.

"Mama, hapa ni Sweden," baba alimweleza mezani. "Wajerumani ni wengine."

"Hawa hawaandiki kwa mkono?"

"Wanaandika."

"Basi atapatikana mmoja."

Baba aliendesha basi na mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia, kwa hiyo mchana nilikuwa mimi na Bibi. Alikipenda chumba cha kufulia kuliko mahali pengine popote Stockholm kwa sababu kilikuwa na joto. Alhamisi moja nilisoma vibaya ubao wa zamu, tukashuka na makapu yetu, tukamkuta mama mmoja mzee wa Kiswidi mle ndani, zamu ni yake. Nikajiandaa kukaripiwa, maana mnajua kuchukua zamu ya mtu ya kufulia si jambo dogo katika nchi hii. Lakini yule mama alituangalia, akaangalia koti kubwa la Bibi, akasogeza vitu vyake na kutuachia mashine moja na nusu ya meza ya kukunjia nguo.

"Mwamkie," Bibi akaniambia.

"Hej," nikasema.

"Hiyo ndiyo shikamoo yao?"

"Ndiyo, Bibi."

"Fupi mno," akasema, akaenda kumpa yule mama mkono kwa mikono yake miwili.

Aliitwa Gunvor, aliishi peke yake ghorofa ya sita, na maisha yake yote ya kazi alikuwa akichambua barua posta. Bibi alinituma nimuulize umri. Niliona aibu, lakini nikauliza. Gunvor alikuwa amemzidi Bibi miaka miwili, na kuanzia hapo Bibi akamwita dada.

Vitu alivyovisogeza mezani vilikuwa picha za kurasa za madaftari ya zamani ya askari. Alikuwa akitafuta watu wa ukoo wake. Alinieleza kwamba zamani jeshi la Sweden lilimpa kila askari jina jipya, jina fupi la kuitika haraka: Modig, yaani jasiri, Rask, mwepesi, Glad, mwenye furaha. Mimi nilidhani hizo ni alama za tabia kama zile walimu walizotupa shuleni, nikamhurumia askari mmoja aliyeitwa Tyst, kimya, nikijua lazima alikuwa kama mimi darasani. Pembeni ya kila jina palikuwa na nafasi ya maelezo, na mahali pengi pameandikwa *får afsked*. Neno *får* kwa Kiswidi lina maana ya anapata, na pia lina maana ya kondoo; *afsked* ni kuagwa. Gunvor alikuwa amenieleza kwamba askari wale walilipwa nafaka na nguo, kwa hiyo nikaona ni sawa kabisa kwamba wakiacha kazi wanapewa kondoo wa kuagia. Nikamtafsiria Bibi hivyo. Bibi akakubali kwa kichwa, akasema ni jeshi lenye utu. Wiki mbili tuliishi na kondoo huyo, mpaka nilipomuuliza Gunvor kama alikuwa dume au jike. Alicheka mpaka akakaa juu ya kapu la nguo. "Anapata ruhusa ya kuondoka," akanieleza akijifuta macho. "Anaachiwa kwa heshima aende nyumbani."

Siku hiyohiyo Bibi aliamua kwamba mtu anayecheka namna ile anaaminika. Akafungua kitabu cha nyimbo.

Gunvor alikunjua ile nailoni taratibu, akaitandaza karatasi chini ya taa, akavaa miwani. Kisha akasema Kijerumani alikisoma shuleni miaka mingi iliyopita, na kwamba mwandiko huo anaufahamu, kwa kuwa zamani sana hata Waswidi waliandika hivyo. Lakini wino ulikuwa umefifia, na mkunjo ulipita katikati ya maneno. "Mwambie bibi yako nitahitaji muda," akasema. "Mwandiko wa namna hii hausomwi kwa haraka. Ukiusoma kwa haraka unasoma kilicho kichwani mwako."

Nilitafsiri ile sentensi ya kwanza tu. Zilizofuata zilikuwa ndefu.

Kwa hiyo kila Alhamisi nguo zikizunguka nilifundishwa kusoma upya, mimi niliyekuwa najiona msomaji hodari. Katika mwandiko ule *e* ilifanana na *n*, na *n* ilifanana na *u*, na *u* uliitambua tu kwa kikofia kidogo kilichochorwa juu yake. *S* ya katikati ya neno ilikuwa fimbo ndefu, inaanzia juu ya mstari na kuishia chini yake. *F* ilikuwa fimbo hiyohiyo yenye kifundo kiunoni. Neno la kwanza nililolisoma peke yangu lilikuwa jina. Wajerumani walikuwa wameandika *Kibuana*, na ile *u* imevaa kofia yake vizuri. Niliposoma kwa sauti, Bibi aliacha kukunja shuka, akaja, akaweka kidole karibu na neno bila kuligusa.

"Ni yeye," akasema. "Ni baba."

Nililewa sifa. Nikaanza kumwona Gunvor mwoga. Alikuwa ameshapata jina, neno askari na jina la wilaya, lakini mstari wa chini kabisa alikataa kuutamka, kila mara anasema bado. Mimi nilikuwa nimeshaliona neno la mwisho. Nilihesabu herufi tisa. Nikaona *entla*, halafu palepale penye mkunjo kikofia, basi hiyo ni *u*, halafu fimbo yenye kifundo, hiyo ni *f*, halafu *en*. *Entlaufen*. Shuleni kulikuwa na kamusi ya Kijerumani kwenye rafu ya juu. Nilipanda kiti, nikatafuta.

Jioni hiyo tulikuwa mezani sote wanne, tunakula wali na yale maharage ya Lushoto. Nikasubiri mpaka kila mtu amepakua, nikasema kwa Kiswahili nilichokipanga njia nzima, "Bibi, nimelisoma neno. Mzee Kibwana alitoroka."

Nilitegemea kusifiwa. Hayo ndiyo mambo ya kuwa na miaka tisa: nilijua neno lina uzito, nikadhani uzito huo ni wangu mimi niliyelifungua.

Baba aliweka kijiko chini. "Nani kakuambia?"

"Kamusi."

Bibi hakumtazama mtu. "Haya," akasema polepole. "Kumbe mawifi zangu walisema kweli." Akamaliza chakula chake chote, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha chakula, akanawa, akaenda kulala jua likiwa bado liko dirishani. Kabla hajafunga mlango alimwambia baba, "Jumamosi unipigie simu kwa Elia. Fundi achonge jina tupu. Asiongeze kitu."

Alhamisi iliyofuata hakutaka kushuka kufua. Alisema magoti yanauma. Nilishuka peke yangu na kapu. Gunvor alitazama nyuma yangu mlangoni.

"Yuko wapi dada yangu?" akauliza. Hilo neno dada alilisema kwa Kiswahili.

Nikaanza kulia, nikamweleza yote: kamusi, kiti, wali, neno. Nilijua atanikasirikia, maana alikuwa amenionya. Badala yake aliutandaza mezani ule ukurasa, ambao Bibi alikuwa amemwachia, akatoa kapuni mwake karatasi ya kuokea mikate, ile inayopitisha mwanga, akaikata kipande, akakiweka juu ya mstari wa mwisho na kunipa penseli.

"Sitaki uniambie neno ni lipi," akasema. "Chora tu unachokiona. Kila mstari, hata kama haukupendezi."

Nikachora. Mashine zilimaliza kuzunguka, zikalia, hakuna aliyezifungua. Nikapita *e*, *n*, *t*, *l*, *a*. Kwenye mkunjo nikachora kikofia. Chini yake karatasi ilikuwa imechanika, hakuna wino. Nikataka kuruka kwenda kwenye herufi inayofuata, lakini aliniambia nichore kila kitu, na chini ya mkunjo, chini kabisa ya mstari, palikuwa na kialama chembamba kinachoteremka. Nikakichora. Nikakitazama. Nikarudi juu kwenye kikofia, nikashuka tena.

"Gunvor," nikasema, "*u* haina mkia."

"Haina," akasema. "Sijawahi kuiona yenye mkia."

Kile nilichokiita kofia kilikuwa kichwa cha fimbo, na kialama kilikuwa mguu wake, na kiwiliwili chote kilikuwa kimeliwa na mkunjo. Gunvor aliniambia nichore pia *s* ya neno askari iliyokuwa mstari wa kwanza, kisha akatelezesha mchoro ule juu ya mkunjo. Kichwa kikakaa juu ya kichwa, mguu juu ya mguu. Akainamisha taa ikamulika kutoka ubavuni, na kile kifundo cha herufi ya pili kikaonekana ni doa tu, la mafuta au la chai. Zilikuwa *s* mbili, zimesimama bega kwa bega. *Entlassen*.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Ndiyo ile *får afsked*," akasema Gunvor. "Ameruhusiwa aende nyumbani."

Na kwa kuwa taa sasa ilikuwa ubavuni, tuliona kitu kingine. Kabla ya neno hilo palikuwa na maneno mengine yaliyofifia, ambayo mwanga wa juu ulikuwa hauyaonyeshi. Gunvor aliyasoma akiwa ameshikilia meza, herufi moja baada ya nyingine, na mara mbili alirudi nyuma kujisahihisha. Amejeruhiwa mguuni. Ameruhusiwa.

Tulipanda ngazi badala ya kusubiri lifti, mimi mbele, Gunvor nyuma akihema. Bibi alikuwa ameketi kitandani amevaa koti. Nikamwambia. Hakuruka kwa furaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Juzi alitoroka. Leo ameruhusiwa. Kesho si atakuwa jenerali?"

"Ni kweli, Bibi. Nilikosea."

"Basi usiniambie. Nionyeshe."

Bibi alikuwa amesoma madarasa mawili tu, na katika maisha yake alisoma Biblia na nyimbo basi. Siku hiyo aliketi mezani kwetu saa nzima. Nilimwonyesha *u* ya Kibuana na kofia yake. Nilimwonyesha fimbo ya neno askari. Alitaka kuona kila kitu mara mbili, akamwomba Gunvor miwani yake akaivaa juu ya ya kwake. Mwishowe aliichukua ile karatasi ya kuokea mwenyewe, akaitelezesha juu ya mkunjo hadi mistari ikalaliana.

"Mguu upi?" akauliza.

"Hawakuandika."

"Wa kushoto," akasema. "Alikuwa akichechemea mguu wa kushoto. Sisi alituambia alikanyaga mtego wa nguruwe." Akaanza kucheka kidogo kidogo, halafu machozi yakamtoka, halafu akacheka tena. "Tumekua tukiogopa nguruwe, sote saba. Na haya wanayosema alikimbia, hata mbuzi alikuwa hamkimbizi."

Nilipokuwa mkubwa nilisoma juu ya vita vile, jinsi majeshi yalivyopita yakichukua mahindi ya watu na kuchoma yaliyobaki, na jinsi vijana wetu walivyotumwa kuyafanya hayo kwa watu wao wenyewe. Sijui Mzee Kibwana alifanya nini ndani ya vita hivyo, na ukurasa mmoja hausemi. Lakini nadhani naelewa kwa nini mtu angependa watoto wake wamuulize juu ya nguruwe.

Jumamosi mama alikaanga maandazi na Gunvor akaalikwa. Alikuja na nguo ya heshima na bangili. Baba alikwangua kadi ya simu, akapiga Lushoto, akaweka spika ili sote tusikie. Sauti ya Babu Elia ilifika ikiwa na kuku nyuma yake. Bibi alimpa habari bila kuchelewesha, neno kwa neno, jeraha na ruhusa.

"Nani kayasoma hayo?" Babu Elia akauliza. "Wazungu?"

Bibi alimtazama Gunvor, ambaye hakuelewa swali na alikuwa akitabasamu na andazi lake. Kisha akanitazama mimi. Nilikaa wima nikisubiri jina langu litajwe mpaka Lushoto.

"Nimesoma mwenyewe," akasema Bibi.

Nilifungua mdomo. Baba akanikanyaga mguu chini ya meza, taratibu tu, nikaufunga. Nilichukizwa kwa muda wa andazi moja hivi. Kisha nikamwona Bibi jinsi alivyokuwa ameketi, mgongo umenyooka na miwani miwili usoni, yake na ya Gunvor, nikaona kwamba hakusema uongo.

"Basi wamekwisha," Babu Elia akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tutachonga askari, herufi kubwa, hao wazee waje wasome."

"Hapana," akasema Bibi. "Andikeni mkulima."

"Dada. Miezi yote hii tumebishana."

"Wewe umebishana. Mimi sikutaka aandikwe askari. Nilitaka asiandikwe mtoro. Uaskari aliufanya miaka michache, na angependa tumkumbuke nao angetuambia. Shamba alilima mpaka mwezi aliokufa, kwa mguu ule. Andikeni Kibwana, mkulima, baba wa watoto saba."

Kuku walilia, na mtu akawafukuza. Babu Elia alisema sawa. Akasema fundi yupo hapohapo, amekuja kuchukua maneno, na anauliza kama kuna jingine la kuzingatia kabla hajaanza.

"Lipo," akasema Bibi. "Mwambie aandike herufi zinazosomeka."

Gunvor akanigusa mkono, akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria, safari hii sentensi zote.